Dobi aliyemfua njiwa wake

Jua halijapanda vizuri juu ya paa hili la zege, na kamba zote tayari zimejaa shuka. Mzee Foronya anabana ya mwisho, anaipiga kofi ili ikunjuke, halafu anafuta mikono kwenye shati lake lililopauka. Angetakiwa kurudi kwenye beseni, maana kuna nguo bado zimelowekwa. Harudi. Anatia mkono mfukoni, anatoa konzi ya mtama, anakwenda nayo hadi kwenye dirisha la chumba chake.

Chumba chenyewe kimejengwa papo hapo juu ya paa, kando ya tangi la maji. Mzee anamwaga mtama kwenye ukingo wa dirisha, anasogea pembeni, anasubiri. Haupiti muda njiwa wa mtaa wanashuka, wa kijivu na wa madoadoa, wanasukumana na kudonoana kama watu walio kwenye foleni ya maji.

Yeye hawaangalii. Macho yake yamepita katikati yao, yameingia ndani mpaka kitandani, alikolala mke wake. Mama amelala kwa ubavu, uso ameuelekeza ukutani, na haugeuzi. Njiwa wanamaliza mtama, wanaondoka zao, na mzee anarudi kwenye beseni.

"Leo pia," anasema baadaye, akiwa anakamua foronya. "Mimi sidai hata mkono tena. Ageuze kichwa tu."

Mkono gani huo anaouzungumzia? Hiyo ndiyo habari yenyewe, na nisikufiche, si habari ya kuchangamsha. Aliyefungua ukurasa huu akitafuta cha kumfurahisha asubuhi, michezo iko ukurasa wa nyuma.

Mzee Foronya ni dobi. Jina alilopewa na wazazi wake wanalijua watu wachache sana mtaani. Hili la Foronya alipachikwa na wapishi wa bekari ya jirani, kwa sababu foronya zake huzinyoosha mpaka zikatoka bapa kama bahasha. Anafua shuka za nyumba mbili za kulala wageni. Akifua shuka moja, akaikausha, akainyoosha na kuibeba mwenyewe kuirudisha, anapata bei ya mkate mdogo. Kazi hiyo ameifanya tangu ujana wake, na sabuni imemla vidole kiasi kwamba siku alipokwenda kusajili laini ya simu, mashine ilikataa kabisa alama zake. Kijana wa dukani alimwambia ajaribu kidole kingine. Akajaribu vyote kumi, watu wakacheka, na yeye akacheka nao.

Hakuwa akifanya kazi peke yake. Yeye alifua, mke wake akaanika na kupiga pasi. Tangu waoane hajawahi kumwita kwa jina. Anamwita bibi harusi, hata mbele ya wateja, hata walipogombana. Binti yao, mshona mapazia mwenye watoto wake sasa, anasema alipokuwa mdogo alikuwa akiona aibu mtu mzima mwenye mvi kuitwa hivyo.

"Mama alikuwa anamjibu, 'Harusi gani hii ya kuanika mashuka?' Lakini asipoitwa hivyo siku moja, anakasirika," binti anasema.

Miaka saba iliyopita, asubuhi moja baada ya upepo mkali, bibi harusi alikuta njiwa mweupe amejikunyata chini ya tangi, mguu mmoja umevunjika. Akachukua nusu ya kibanio cha mbao kilichokwisha kuachana, akakifunga kwenye mguu ule kwa uzi wa mapazia. Mguu ukaunga. Njiwa hakuondoka. Wakamwita Mgeni, wakitarajia kwamba siku yoyote atakwenda zake, na jina likamganda.

Mgeni hakuwahi kuwa na tundu wala kibanda. Alilala nje, juu ya bomba linalotoka kwenye tangi, mvua na jua. Hilo lilikuwa sharti la mama mwenyewe. Ndani ya chumba kile ndimo shuka za watu zinamokunjwa na kupangwa kabla ya kurudishwa, na dobi akirudisha shuka yenye unyoya mmoja tu, mteja hamwiti tena. Kwa hiyo sheria ilikuwa moja na haikuwa na mjadala: njiwa haingii ndani. Mlangoni ataishia, dirishani ataishia.

Nje, hata hivyo, Mgeni alikuwa bwana mkubwa. Mama akianika, yeye yuko begani. Mama akihamia kamba ya pili, yeye anaruka kibanio kwa kibanio akimfuata. Mzee Foronya anaapa kwamba njiwa yule hakuwahi kuchafua shuka hata moja kwa miaka yote saba. Binti alipolisikia hilo aliguna. Alichafua nyingi tu, anasema, ila mama alikuwa akizichukua upesi na kuzifua upya kabla baba hajaona.

Mwaka jana mama alianguka kati ya kamba mbili akiwa na vibanio mdomoni. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa, maneno yakapotea, na macho yakabaki na ukungu. Anaona mwanga, anaona kilicho cheupe na kilicho cheusi, vya katikati vyote vinamchanganyikia. Waliporudi kutoka hospitali, mzee alisogeza kitanda mpaka dirisha likawa mbele ya macho yake, ili angalau azione shuka zikipepea.

Siku ya tatu Mgeni akatua dirishani. Mama akamwona. Na ule mkono wa kulia, ule ambao madaktari waliuzungumzia kama vile haumo chumbani, ukatikisika juu ya blanketi.

Muuguzi anayekuja kumfanyisha mazoezi ya viungo alipoambiwa hakuamini. Alipojionea mwenyewe, akawaambia waache kila kitu kingine, wamtegemee njiwa huyo. Kila asubuhi mtama dirishani, kila asubuhi Mgeni, kila asubuhi mkono unapanda kidogo zaidi ya jana. Baada ya miezi kadhaa ulikuwa ukifika usawa wa kidevu. Muuguzi akasema wakiendelea hivyo, mwakani huenda mama akashika kikombe chake mwenyewe. Mzee Foronya alikwenda akanunua kikombe. Chepesi, cha plastiki, chenye mkono mpana. Kipo juu ya kabati mpaka leo, na karatasi ya bei bado imebandikwa.

Halafu bekari ya jirani ikaacha umeme, ikaanza kuchoma kuni.

Umeme umepanda bei, na mwenye bekari naye ana midomo ya kulisha. Hapa hakuna mtu mbaya wa kumtupia mawe, ingawa ningependa awepo. Bomba la moshi liko mita chache tu kutoka kwenye kamba. Masizi yakaanza kushuka asubuhi na jioni. Shuka mzee alizifua mara mbilimbili, akabadilisha saa za kuanika, akavumilia. Lakini Mgeni hakuwa na mtu wa kumbadilishia saa. Alilala kwenye masizi, akaamka kwenye masizi. Ndani ya mwezi mmoja yule njiwa mweupe alikuwa na rangi ya zege.

Na mkono ukaacha kupanda.

Mgeni alikuwa anakuja dirishani kama kawaida, anadonoa, anagonga kioo kwa mdomo. Mama alikuwa anatazama upande huo huo, lakini macho yake yalimpita. Kwake yeye sasa njiwa wote walikuwa kitu kimoja, na kitu hicho kilikuwa na rangi ya ukuta. Alikuwa akimtafuta Mgeni, huku Mgeni yuko mbele yake. Vidole vikaanza kujikunja kuingia kiganjani, na muuguzi akaonya kwamba vikikaa hivyo muda mrefu, havitafunguka tena.

Mzee Foronya anasema alikosa raha. Alikuwa anakula asishibe, analala asipumzike. Ndipo ikamjia fikra, na ilipomjia alijilaumu kwa kuchelewa.

"Kitu cheupe kimeshika masizi," anasema. "Mimi kazi yangu ni nini?"

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, alimshika Mgeni akamfua.

Usicheke, msomaji. Binti alicheka alipomkuta, na leo kicheko hicho kinamuuma kuliko jino. Mzee alifanya kila kitu kwa utaratibu wake wa kazi. Maji ya vuguvugu, kwa sababu ya baridi. Sabuni ya unga ile nzuri, ya shuka za mteja mkubwa. Alimsugua kwa ncha za vidole unyoya kwa unyoya, na Mgeni, aliyemzoea, alitulia tu, akifumba na kufumbua jicho. Maji yakatoka meusi. Akamwaga, akarudia. Mara ya tatu yakatoka safi. Mwishoni akamsuuza kwa maji ya buluu kidogo, ile ya kung'arisha nguo nyeupe, kama inavyosuuzwa shuka ya bibi harusi, akamkausha kwa taulo na kumweka juani juu ya ukuta.

Watu wa bekari walitoka kuja kumtazama. Wanasema hawajawahi kuona ndege mweupe namna ile. Alikuwa anatia macho kiwi.

Mchana ule akatua dirishani. Mama alimwona papo hapo. Mkono ulipanda, ukapita kidevu, ukafika kwenye paji la uso, na kinywa kikatoa sauti. Halikuwa neno, lakini mzee anasema lilianza na m. Alikaa chini pale mlangoni, akalia kwa furaha mbele ya mwanawe na hakuona haya.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumapili mchana ikanyesha.

Mzee Foronya alikuwa amekwenda kurudisha mzigo. Mvua ilimkuta kwenye nyumba ya wageni, akasimama barazani na kapu lake tupu, roho juu, akiwaza zile shuka zilizobaki kambani. Anakiri kwamba aliwaza shuka tu. Njiwa kunyeshewa lilikuwa jambo la kawaida. Miaka saba Mgeni amekaa nje, mvua kubwa kuliko ile zimemkuta, na kila zikikatika alijikung'uta mara moja akawa mkavu.

Binti alikuwepo nyumbani. Alikimbia huku na huku akianua, akibeba shuka mikononi, anaingia nazo, anazitupa juu ya kiti, anatoka tena. Maji yalikuwa yanaingia kupitia dirishani, yanataka kulowesha zilizokwisha kukauka. Akalifunga dirisha.

Mvua ilipokatika mzee alirudi mbio. Alipofika juu aliona kitu kimekunjamana kwenye ukingo wa dirisha, kimenata kwenye kioo.

"Nilidhani ni kitambaa cha uso kimechomoka kambani," anasema. "Nikasema, huyu mtoto kasahau kimoja. Nikanyoosha mkono nikichukue."

Alikuwa bado hai. Maji yalikuwa yamemwingia mpaka kwenye ngozi, kifua kinatetemeka, mabawa hayafunguki. Mzee alimfunga ndani ya foronya kavu, akawasha pasi nje ya mlango, mama asione, akawa anapasha foronya ya pili na kumbadilishia, moja baada ya nyingine, mpaka rundo lote la mteja likawa limetumika. Mgeni alikufa jioni ile ndani ya foronya, amevikwa vizuri kuliko maiti nyingi.

Mtaa wa pili kuna fundi baiskeli anayefuga njiwa. Mzee alimwendea kesho yake, mikono nyuma, akaeleza kila kitu. Fundi alisikiliza mpaka mzee alipolitaja neno sabuni. Akafumba macho.

Alimweleza kwamba njiwa ana unga wake mwilini, mwembamba, unaobaki kwenye vidole ukimshika. Unga huo ndio unaozuia maji yasipite. Akioga mwenyewe kwenye beseni la maji matupu hautoki. Ukimsugua kwa sabuni unautoa wote, na mpaka aurudishe zinapita siku nyingi, na siku hizo inabidi akae ndani. Hakumlaumu. Alimwambia tu, "Mzee wangu, ulimvua koti ukamwacha nje."

Mtu angedhani hapo msiba umekwisha, kimebaki kilio. Haukuwa umekwisha.

Mzee alimwambia mke wake kwamba Mgeni amepata mwenza, ameruka naye, atarudi. Alilisema kwa bashasha, kama anatoa umbea. Mama akamtazama kwa muda, kisha akageuza uso ukutani. Tangu siku hiyo hajaugeuza. Walizungusha kitanda, ukuta ukawa nyuma yake na dirisha mbele. Wiki hiyo hiyo wakamkuta amejivuta kwa ule mkono mzima, ameuelekea ukuta tena. Uji anakula vijiko viwili, cha tatu anafunga mdomo. Mkono wa kulia umelala kifuani, vidole vimejikunja, na muuguzi akijaribu kuvifungua mama anafumba macho mpaka amalize.

Mzee akaamini kwamba anamlilia Mgeni kwa kuwa ameondoka. Ndiyo sababu ya mtama wa kila asubuhi: huenda akimwona njiwa yeyote, akajisahau kidogo.

Binti ndiye aliyekuwa na habari nyingine, na aliibeba wiki nzima. Alimwambia baba yake jioni moja wakiwa wanakunja shuka, kila mmoja ameshika ncha zake, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuondoka.

"Nilipokuwa naanua, niliingia nikamkuta mama ameinua mkono," ananisimulia, sauti yake chini. "Ameunyoosha kuelekea dirishani, juu kabisa, unatetemeka. Nikajua anasikia baridi. Nikamwambia, nimeshafunga mama, usijali. Nikaushusha ule mkono, nikauingiza ndani ya blanketi. Nilipoingia na shuka nyingine nikakuta ameutoa tena. Nikaushusha tena."

Hakutazama kioo. Alikuwa na shuka mpaka machoni.

Mzee Foronya hakumgombeza. Alimaliza kukunja ile shuka, akaiweka juu ya nyingine, akailainisha kwa kiganja. Ndipo alipoielewa habari yote kwa mpigo. Mgeni alikimbilia dirishani kwa sababu ndiko alikozoea kupokewa. Mama alikuwa hatua tatu kutoka kwake, hana sauti ya kuita, ana mkono tu wa kusema nao, na mkono huo ukashushwa mara mbili na mtoto wake mwenyewe kwa mapenzi. Mama alimtazama Mgeni mpaka mwisho.

"Na alimwona kwa sababu yangu," mzee anasema. Ameacha kukamua. "Angekuwa na masizi yake, asingemwona. Mimi ndiye niliyemfanya aonekane."

Maji ya foronya yanachuruzika kutoka mkononi mwake kuingia kwenye beseni.

Uongo wa mwenza ameukiri. Alipiga magoti kando ya kitanda, akasema yote: beseni, sabuni, buluu, mvua. Mama hakugeuka, lakini hakufumba macho. Mzee hajui kama hiyo ni dalili njema au ni kukosa nguvu ya kuyafumba tu.

Anayo mipango? Anao mmoja, na hakuna anayeusifia. Fundi baiskeli amemwahidi kinda. Njiwa mkubwa hafai, atarudi kwa mwenyewe siku ya kwanza akiachiwa. Lazima awe kinda ambaye hajawahi kuruka. Jike mweupe wa fundi ameatamia, mayai bado. Kutoka hapo mpaka kinda aote manyoya na ajue dirisha lake ni lipi ni miezi, na muuguzi amewaambia bila kuzungusha kwamba kwa vijiko viwili vya uji, miezi ni mingi. Binti anaona baba yake anajitesa. Wapishi wa bekari wamejitolea kumtafutia kasuku.

Mzee amewashukuru wote. Juu ya tangi ameshafunga kibao cha kulalia, amekiezeka kwa kipande cha bati, na jana aliliosha lile beseni dogo alilomfulia Mgeni, akalirudisha juu ya kabati, nyuma ya kikombe.

Sikutaka kumuuliza anategemea nini. Akaniambia mwenyewe, huku akichukua foronya kwenda kuianika.

"Simleti ili bibi harusi adhani ni Mgeni. Huyo alimwona anakufa, hadanganyiki. Namleta tu. Na huyu simfui, hata akiwa mweusi kama chungu. Akichafuka nitamshika hivi, nitaingia naye ndani, nimweke kitandani mkononi mwake amguse. Shuka za watu zitajua zenyewe."

Akabana kibanio cha kwanza, akatafuta cha pili mfukoni, akatoa punje za mtama.

"Kumwingiza ndani tu kungetosha," akasema. "Hatua tatu. Wakati wote ule nilikuwa natafuta namna ya kumfanya awe mweupe."